Harusi Isiizuie Ndoa

Kila Kwaresima inapokwisha, kadi za michango ya harusi huanza kuzunguka katika parokia zetu za kando ya Ziwa Viktoria, kuanzia Kirumba na Igoma hadi Magu. Twamshukuru Mungu, kwani wanaooana ni furaha ya Kanisa. Lakini katika Jumuiya Ndogo Ndogo zizo hizo wamo waamini wasioleta kadi yoyote. Wameishi pamoja miaka mitano, kumi, hata ishirini. Wamezaa, wanalea, wanalipa zaka. Ila wakati wa Komunyo hubaki wameketi. Tukiwauliza sababu, wengi hujibu: “Padre, bado hatujajiandaa.” Maana yake ni fedha za harusi.

Hapa pana kosa ambalo hatuna budi kulisema waziwazi. Lugha yetu yenyewe hutenganisha harusi na ndoa. Harusi ni sherehe ya siku moja. Ndoa ni agano la maisha. Tumeliacha dogo lilifungie mlango kubwa.

Kanisa linadai nini? Kanuni ya 1108 ya Sheria za Kanisa yataka ndoa ifungwe mbele ya mhudumu mwenye mamlaka na mashahidi wawili. Haitaji ukumbi, msafara wa magari wala keki. Kanuni ya 848 yaagiza kwamba maskini wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Nayo Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 haiitangui ndoa kwa sababu tu mahari haijatolewa. Hatudharau mahari, kwa kuwa huunganisha koo mbili. Twasema tu kwamba ng'ombe waliobaki wasiwe kufuli.

Jambo hili ni la haki pia. Kifungu cha 160 cha sheria hiyo chasema kwamba mume na mke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, wakajulikana hivyo na watu, huchukuliwa kuwa wameoana. Lakini dhana hiyo yaweza kupingwa. Basi mvuvi akizama usiku wa dagaa, mjane asiye na cheti atalazimika kuthibitisha ndoa yake mahakamani, huku ndugu wa marehemu wakigombea mtumbwi, nyavu na nyumba. Cheti ambacho kingemlinda kilingojea karamu.

Kuchangiana ni desturi yetu njema. Jirani alileta unga, mwingine kuni, mwingine mbuzi, kila mmoja kadiri alivyojaliwa. Siku hizi kadi huja na kiwango kilichokwisha kupangwa. Mwalimu akipokea kadi nne za shilingi 50,000 kwa mwezi, anadaiwa 200,000 kabla hajanunua unga. Asiyetoa huona haya, na anayekopa huumia. Nao maarusi, wageni wakiisha kuondoka, hubaki na deni la ukumbi. Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Amoris Laetitia wa mwaka 2016, alionya kwamba gharama za sherehe huwafanya wengine wasifunge ndoa kabisa.

Tufanye nini? Kwanza, wachumba waandike bajeti wenyewe kabla ya kamati kuundwa, wakianzia na fedha zilizo mkononi, si ahadi. Watenge kodi ya nyumba na chakula cha miezi mitatu. Kinachobaki ndicho cha harusi. Mtu hujikuna ajipatapo. Bwana wetu naye alifundisha kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama.

Pili, sherehe iwe moja. Kicheni pati, sendofu na harusi ni karamu tatu kwa watu wale wale na mifuko ile ile.

Tatu, tule nyumbani au uwanjani pa parokia mara baada ya Misa. Jumuiya ilete mchele, samaki, maharage na kuni, kwaya iimbe, gauni liazimwe. Kwa wavuvi wa dagaa, siku za mbalamwezi zinafaa: mitumbwi imepumzika, na mauzo ya giza yamekwisha kuhesabiwa.

Nne, maparoko wawafungishe ndoa wachumba kadhaa katika Misa moja, bila kuwafanya waonekane wa daraja la pili. Hapa sisi mapadre tujihoji. Mara ngapi tumeketi meza kuu ya tajiri hadi usiku, na harusi ya mnyonge tukaiacha mlangoni pa kanisa? Waamini wametuona, nao wakajifunza kwetu harusi ipi ina heshima.

Kule Kana divai iliwaishia wenyeji kabla ya sherehe kwisha. Yesu hakuwalaumu kwa upungufu wao, wala hakuondoka. Alikuwa amealikwa, na hilo lilitosha.

Basi ninyi mnaoishi pamoja na kungoja fedha, msingoje tena. Juma hili mwendeeni katekista wenu pamoja na mashahidi wawili. Nasi wanajumuiya, tusiwaulize ukumbi uko wapi. Tuwaulize tulete nini.