Tahadhari: Vidonge vya Kuumua Mwili Havijengi Misuli

Kijana wa Ikolo, hapa Kyela, unayepiga chuma, mtu akikuletea vidonge au sindano na kukuahidi kifua kipana kwa mwezi mmoja, kataa. Kataa hata kama ni rafiki yako, na hata kama yeye mwenyewe amejazia.

Miongoni mwa vidonge vinavyopitishwa mikononi kama dawa ya kunenepa kuna deksamethasoni na prednisoloni, dawa za hospitali za kutibu pumu na uvimbe. Ukizimeza kila siku uso unavimba, tumbo linatokeza, mizani inapanda, nawe unadhani umejenga mwili. Kumbe dawa hiyohiyo inakula misuli, hasa ya mapaja na mabega, inadhoofisha mifupa na kupandisha sukari. Hili ndilo linaloniuma: kijana anatoa hela yake ya kakao kununua kitu kinachompunguzia kile anachokitafuta.

Sindano za testosteroni hukuza misuli kweli, na hapo ndipo zinaponasa watu. Mwili ukipewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza yake: korodani hunywea, mbegu hupungua hata kutoweka, matiti huweza kuota, na moyo huweza kutanuka. Mkichangia sindano, kuna VVU na homa ya ini.

Chuma chenyewe kinataka subira. Wiki za mwanzo nguvu huongezeka kabla misuli haijaonekana, maana mishipa ya fahamu hujifunza kwanza. Umbo huanza kubadilika baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa anayeanza, kilo moja ya misuli kwa mwezi ni nyingi; wengi hupata nusu yake au pungufu, na mwaka wa pili kasi hushuka zaidi. Vyuma vya makopo ya zege vinatosha, mara mbili au tatu kwa wiki, mradi uongeze uzito kidogo kidogo na ulale vya kutosha. Protini ipo ziwani: zaidi ya nusu ya uzito wa usipa mkavu ni hiyo. Ongeza maharage, mayai, na wali wetu.

Kama umeshameza vidonge hivyo vya kunenepa kwa wiki kadhaa, usiviache ghafla. Presha inaweza kuanguka ukazimia, hata kufa. Chukua pakiti yake, nenda Hospitali ya Wilaya ya Kyela au Hospitali ya Matema, umweleze daktari yote bila kuficha. Nanyi wazazi, mkiona uso wa kijana wenu umeumuka ghafla, msimgombeze. Mpelekeni leo.