Ubatizo na Cheti Chake

Mwandishi aliyedai katika toleo lililopita kwamba ubatizo siku hizi haukubaki ila kuwa ada ya kupata cheti cha kufungia ndoa, amesema nusu ya kweli, na nusu hiyo ndiyo iliyomghuri. Hatukanushi kuwa wako wanaoikumbuka parokia pale tu harusi inapokaribia. Lakini tangu lini kosa la mtumiaji likawa dalili ya ubatili wa kitu chenyewe?

Na atazame Buganda, mwezi wa Mei 1886, ambapo Karoli Lwanga, mkuu wa vijana watumishi katika ikulu ya Kabaka Mwanga, hali akijua kwamba kukicha hukumu ingewafikia, na padre hayupo, alitwaa maji usiku pale Munyonyo akawabatiza wakatekumeni waliokuwa chini yake, miongoni mwao Kizito, aliyekuwa angali mtoto. Hapakuwa na daftari, wala mpiga picha, wala karamu (karamu, ambayo kwetu imekwisha kuwa rukni ya kwanza ya sakramenti!). Tarehe 3 Juni wote wawili waliuawa kwa moto Namugongo. Walitafuta cheti gani?

Kabla maji hayajamiminwa juu ya kichwa cha mtoto, wazazi na wasimamizi huulizwa kama wanamkataa Shetani, nao hujibu kwa sauti. Ahadi hiyo hudaiwa kila siku, dukani penye mizani na nyumbani penye mke. Namsihi mwandishi awashitaki waivunjao, wala asiishitaki ahadi yenyewe.