Kompyuta Isiyotaka Kuwaka

Kompyuta si mgeni tena hapa Kasenyi. Twaiona kwa mwalimu aandikaye alama za wanafunzi wake, kwa mfanyabiashara wa samaki atunzaye hesabu, na kwa kijana ajitayarishaye kwa mtihani wa serikali. Lakini hutokea siku moja kitufe chabonyezwa kama kawaida, na kioo chabaki cheusi. Hapo nyumba nzima hulia: "Virusi vimeiua!" Naye fundi, bila kuuliza neno, hujibu: "Leteni, nitafuta yote na kuipanga upya."

Twawaomba msikubali upesi hivyo. Mashine yaweza kununuliwa nyingine. Yaliyomo ndani yake hayana soko. Katika vita vya Ituri vya mwaka 1999 hadi 2003, na tena tangu mwisho wa mwaka 2017, jamaa nyingi zilikimbia na kuacha vyeti vya kuzaliwa, diploma, hati za mashamba na picha za marehemu wao. Mwaka 2018 maelfu ya watu walivuka Ziwa Albert kwenda Uganda na vile walivyoweza kubeba tu. Kwa jamaa ya namna hiyo, picha ya cheti iliyomo katika kompyuta yaweza kuwa ndiyo nakala ya pekee. Basi swali la kwanza si "Je, itawaka?" bali ni hili: "Ndani mna nini, na je, nakala yake iko mahali pengine?"

Sasa tuulize: virusi ni nini? Si wadudu, wala si uchawi wa jirani. Kirusi cha kompyuta ni programu iliyoandikwa na mtu, nayo ina maagizo ya kujinakili yenyewe kutoka mashine hata mashine. Kimoja cha zamani kiliitwa Brain. Kilitungwa mwaka 1986 na ndugu wawili wa mji wa Lahore, nchi ya Pakistan, nacho kilijificha katika sehemu ya kwanza ya diski, pale ambapo mashine husoma kwanza inapoamka. Kingine kilichoitwa CIH, kazi ya mwanafunzi mmoja wa Taiwan, kilizuka kwa ukali tarehe 26 Aprili 1999. Kilifuta diski, na katika mashine nyingine kiliharibu hata yale maagizo ya kuamkia yaliyohifadhiwa ndani ya chuma chenyewe.

Kwa hiyo ni kweli kwamba kirusi chaweza kuizuia kompyuta isiwake. Walakini wengi watungao virusi siku hizi hawataki mashine ife. Waitaka iwe hai, wapate kuiba maneno ya siri, au wafunge mafaili na kudai fidia, kama kirusi WannaCry kilivyofanya mwezi wa Mei 2017 katika nchi zaidi ya 150. Ndiyo sababu mashine iliyo kimya kabisa mara nyingi ina ugonjwa mwingine.

Tuichunguze basi kwa utaratibu, kama mganga amwulizavyo mgonjwa kabla ya kumpa dawa.

Kwanza, umeme. Wengi wetu twatumia nguvu ya jua au jenereta ndogo, na umeme huo hupanda na kushuka. Jaribuni chaja katika nyumba nyingine, au chaja nyingine ya namna ileile. Kisha ondoeni chaja, toeni na betri kama yatoka, mkashikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Rudisheni chaja peke yake mjaribu tena. Kama hakuna taa wala mlio wala upepo wa feni, msilaumu virusi. Ugonjwa ni wa umeme au wa chuma.

Pili, kioo. Kama feni yazunguka na taa zawaka, huenda mashine imeamka ila kioo kimekufa. Iunganisheni na televisheni kwa waya ufaao.

Tatu, toeni kila flashi na kila kadi iliyochomekwa. Kuna mashine ambazo husoma flashi kabla ya diski yao, na zisipokuta humo maagizo ya kuamkia zasimama na kulalamika. Wako watu waliolipa fedha kwa fundi, kumbe dawa ilikuwa kuchomoa flashi.

Nne, sikilizeni. Diski ya mtindo wa zamani ikigonga "ta, ta, ta", izimeni papo hapo. Hiyo yakaribia kufa, na kila mara mnapoiwasha mwapoteza tumaini la kuokoa kilichomo. Mpelekeeni fundi mjuzi, mkamwambia wazi: "Okoa mafaili kwanza."

Lakini ikiwa jina la mtengenezaji latokea, kisha mashine yakwama au yajizima na kurudia mwanzo, basi hitilafu iko katika programu, na hapo virusi vyaweza kushukiwa. Katika Windows 10 na 11, iwasheni, na Windows inapoanza kupanda shikilieni kitufe mpaka izime. Fanyeni hivyo mara mbili au tatu, na kwa kawaida karatasi ya matengenezo itatokea kiooni. Humo tafuteni ile hali ambayo mashine zetu za Kifaransa huiita "mode sans échec". Katika hali hiyo mashine huamka na vitu vichache tu vya lazima, na virusi vingi hubaki vimelala. Ikiamka hivyo, msishangilie na kurudi kazini. Nakilini mafaili yenu kwanza, ndipo muamuru programu ya kinga ipekue diski nzima.

Na isipoamka hata hivyo? Mlango mwingine ungalipo. Katika kompyuta nzima yaweza kutengenezwa flashi yenye mfumo mwingine, kama Ubuntu, ambao hutolewa bure. Mashine mgonjwa ikiwashwa kwa flashi hiyo huamka bila kuitegemea Windows yake. Virusi vya Windows havitembei humo, na mafolda yaliyofichwa huonekana wazi. Nakilini barua, hesabu, picha na hati katika diski ya nje. Programu ziacheni, maana ndimo virusi vipendapo kukaa. Ila mjue kwamba mashine nyingi mpya zimefunga diski yao kwa ufunguo wa siri wenye tarakimu 48. Ufunguo huo ulitunzwa katika akaunti ya mwenye mashine. Uandikeni katika daftari leo, wakati mashine i hai.

Mafaili yakiisha kuokolewa, hapo fundi na afute na kupanga upya, wala hakuna atakayelia.

Yabaki neno moja: ugonjwa uliingiaje? Kwetu intaneti hununuliwa kwa kipimo, kwa hiyo nyimbo, mitihani na barua husafiri kwa flashi, kutoka nyumba za fotokopi hadi shuleni, na kutoka shuleni hadi nyumbani. Kirusi cha flashi huyaficha mafolda ya kweli na kuweka mahali pake alama zenye majina yaleyale. Mwanafunzi hubonyeza alama akidhani ni folda lake, kumbe yeye mwenyewe amekifungulia kirusi mlango. Mwezi wa Februari 2011 kampuni ya Microsoft ilisambaza dawa ya kuzizuia Windows za zamani zisitii flashi zenyewe mara zichomekwapo. Lakini mkono wa mtu ukibonyeza, dawa hiyo haisaidii. Mkiona hivyo, msiifute flashi kwa hofu. Mara nyingi mafaili yamefichwa tu, nayo yaweza kufichuliwa.

Sisi watu wa Ituri tulijifunza jambo hili kwa uchungu. Ugonjwa wa Ebola uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 ulifika hata Tchomia, jirani yetu, mwezi wa Septemba mwaka uleule, na mwisho wake haukutangazwa mpaka tarehe 25 Juni 2020. Tuliona kwamba aliyeficha mgonjwa aliwaponza jamaa zake, na aliyetaja wote waliomgusa aliokoa wengi. Hakika mashine si mtu, na hasara ya mafaili si kifo. Hata hivyo utaratibu ni mmoja: tengeni mashine mgonjwa, kumbukeni flashi zipi ziliingia humo, na waambieni wenzenu bila haya, ili nao wapekue za kwao.

Nanyi wazazi, fanyeni jambo hili juma hili, kabla mashine haijakataa. Wekeni nakala ya hati za nyumba katika diski mbili: moja nyumbani, isiyochomekwa ovyo, na nyingine kwa ndugu mwaminifu aliye mbali, kama vile Bunia. Wanafunzi ndio wafaao kwa kazi hiyo, maana mikono yao imezoea. Baba na mama wawaonyeshe tu vyeti vipi ni vya kupigwa picha kwanza. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta wa mawe hujengwa tena, lakini picha ya marehemu iliyokuwa moja tu haipigwi mara ya pili.