Matone ya vibandani yatatupofusha mpakani

Kila ugonjwa wa macho mekundu unapozuka huku mpakani, jambo la kwanza huwa ni lawama. Walio Busia ya Kenya husema umeletwa na Waganda. Walio Busia ya Uganda nao hushikilia kwamba umekuja na malori kutoka Mombasa. Sisi tuliorejea kutoka uhamishoni twaijua vyema lugha hiyo. Tuliporudi Kisoko na watoto wetu, tuliambiwa kwamba hata kikohozi tumekibeba Kenya.

Mwaka 2024 ulidhihirisha jinsi lawama hizo zisivyo na msingi. Mnamo Januari Wizara ya Afya ya Tanzania ilitangaza mlipuko wa macho mekundu. Wiki chache baadaye Mombasa ilikuwa ikihangaika nao, na kufikia Machi serikali ya Uganda pia ilikuwa ikiwatahadharisha raia wake. Virusi havibebi kipande wala havipangi foleni kwenye kile kituo cha pamoja kilichozinduliwa Busia mwaka 2018. Hupita kwenye mikono, taulo, noti na vishikio vya bodaboda.

Lakini lawama haijampofusha mtu. Linalonisukuma kuandika ni jambo la pili tunalolifanya, nalo ni kukimbilia matone.

Pita kwenye vibanda vya Sofia au Marachi uulize dawa ya macho. Utaletewa kichupa kilichokuwa kimepangwa pamoja na betri na dawa ya mswaki. Muuzaji hakuulizi umeugua tangu lini, wala kama unaona vizuri. Miongoni mwa vichupa hivyo vimo vyenye dawa ya jamii ya steroidi, kama vile deksamethasoni, iliyochanganywa na dawa ya kuua bakteria. Mteja hutia matone jioni, na asubuhi jicho limetakata kama la mtoto mchanga. Humsifu muuzaji, kisha humwazima jirani kichupa kile kile.

Yafaa tuelewe ni nini kilichotokea usiku huo.

Wazee wetu huuita ugonjwa huu Apollo. Jina hilo lilianza mwaka 1969, ulipogunduliwa Accra nchini Ghana wakati ule ule Wamarekani walipotua mwezini kwa chombo cha Apollo 11. Baadaye wanasayansi walimpata mhalifu, enterovirusi namba 70, na wakamwona ndugu yake wa karibu akisababisha ugonjwa uo huo. Apollo humpata mtu siku moja au mbili baada ya kuambukizwa, na kwa kawaida huondoka kwa takriban wiki moja. Wapo pia adenovirusi, ambao huchukua hata wiki mbili au tatu. Hakuna tone dukani linaloua virusi vya aina hizi mbili. Dawa za bakteria, kloramfenikoli ikiwemo, haziwagusi. Anayeumaliza ugonjwa ni mwili wenyewe.

Wanafunzi wangu wa darasa la sita hulielewa hili upesi kuliko wazazi wao. Machozi si maji matupu. Yana kemikali na kingamwili zinazowasumbua wavamizi kabla hawajatia mguu. Virusi vikipenya, seli iliyovamiwa hutoa interferoni, ambayo ni kama mzee wa nyumba kumi apigaye kamsa ili majirani wafunge milango. Mishipa midogo ya damu hupanuka kupitisha seli nyeupe, na ndiyo sababu jicho huwa jekundu. Maji huvuja pamoja nazo, kope zikavimba. Hata ile tezi iliyo mbele ya sikio huvimba, maana humo ndimo askari wa mwili hupewa mafunzo ya kumtambua adui huyu hasa. Baada ya siku kadhaa kingamwili zinazomlenga yeye huwa tayari, na vita huanza kupungua.

Kwa hivyo wekundu ule unaotukera ni jeshi letu likiwa kazini. Steroidi huliamuru jeshi hilo liweke silaha chini. Jicho hutakata, maumivu hupungua, ilhali virusi viko pale pale na yamkini vinaongezeka. Mgonjwa naye, akijiona amepona, hurudi sokoni kupeana mikono.

Ikiwa ni Apollo, huenda mtu akaponea. Hatari kubwa ni virusi vya hepesi. Wengi wetu tuliambukizwa hivyo tukiwa watoto, na hujificha maisha yote kwenye mizizi ya neva za uso. Vikiamka na kushuka jichoni hutoboa kidonda juu ya konea, kile kioo cha mbele, chenye umbo la mti wenye matawi. Daktari hukiona kwa kutia rangi maalumu na kumulika taa ya buluu. Ipo dawa yake, asaiklovia. Lakini ukikitilia steroidi peke yake, kidonda hupanuka, na kioo kikishaacha kovu jeupe hakirudi kuwa kioo. Namfahamu mama mmoja muuza omena ambaye jicho lake la kulia sasa huona mwanga na kivuli tu. Alitumia kichupa cha kuazima kwa wiki tatu, kila wekundu uliporudi. Hesabu za noti hufanyiwa na bintiye.

Vipo pia vile vipele vya mkanda wa jeshi, vinavyotokea upande mmoja wa paji la uso na kuteremka hadi jichoni. Kwa kijana, hiyo mara nyingi ni ishara kwamba kinga imeshuka. Yafaa apimwe VVU pamoja na kutibiwa jicho.

Sisemi kwamba steroidi ni sumu. Jicho ni nyumba ya vioo, na jeshi likipigana ndani ya nyumba ya vioo laweza kuvunja zaidi ya adui. Ndiyo maana maumbile yameizuilia kinga isifanye fujo ndani ya jicho, jambo ambalo mwanasayansi Peter Medawar wa Uingereza alilieleza katika miaka ya 1940. Lakini utulivu huo huwapa virusi maficho. Daktari Ian Crozier, ambaye alikuwa akifanya kazi Kampala, aliambukizwa Ebola mwaka 2014 alipokwenda kuhudumu Sierra Leone. Alitibiwa Atlanta, damu yake ikasafika, akaruhusiwa kwenda nyumbani. Wiki kadhaa baadaye jicho lake la kushoto liliwaka moto na rangi yake ikageuka kutoka buluu kuwa kijani. Madaktari walipovuta majimaji ya ndani walikuta virusi vya Ebola vingali humo. Steroidi ilikuwa sehemu ya tiba iliyorejesha uwezo wake wa kuona, lakini ilitolewa pamoja na dawa ya kupigana na virusi, na mbele ya madaktari waliolipima jicho hilo mara kwa mara. Nani hupima jicho kibandani?

Bodi ya Famasia na Sumu ya Kenya na Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa ya Uganda zina wakaguzi. Tatizo ni kwamba kila upande hukagua kivyake. Msako ukianza Kenya, sanduku la vichupa huvushwa kwa njia za panya hadi ng'ambo, kisha hurejeshwa mambo yakitulia. Iwapo forodha za nchi mbili zaweza kuketi chini ya paa moja kuhesabu magunia ya mahindi, wakaguzi wa dawa nao waweza kufanya msako siku moja, pande zote mbili.

Najua nitaambiwa kwamba mwuza nyanya hana likizo ya ugonjwa, na asiyefungua kibanda leo hali kesho. Ni kweli, na sina jibu la kumridhisha kila mtu. Lakini jamaa anaweza kumshikia meza kwa siku chache. Mgonjwa naye atumie kitambaa cha maji safi ya baridi, taulo lake mwenyewe, na asiazimane wanja. Anawe kwa maji na sabuni, kwani vile vieuzi vya mikono tulivyovizoea wakati wa Covid haviwezi vizuri virusi hivi. Asitie mkojo wala majani ya chai. Shuleni, walimu wenzangu, mtoto mwenye macho mekundu arudishwe nyumbani bila kutishwa kwamba ataukosa mtihani.

Na yule ambaye mwanga unamchoma, au anaona ukungu, au ana doa jeupe jichoni, au maumivu ni makali, asingoje wiki iishe. Tororo kuna hospitali ya macho ya Wabenediktini, na kwa walio Kenya ipo Sabatia kule Vihiga. Kichupa alichokuwa akitumia akibebe, hata kama kimekwisha, ili daktari asome kilichoandikwa.