Kikohozi Hakitibiwi kwa Kukisia

Ng'ombe akiacha kula, mkulima wa skimu humtuma mtoto mbio kumwita daktari wa mifugo. Hakubali ng'ombe wake achomwe sindano ya kubahatisha, kwa kuwa ajua kwamba ndigana na homa ya mapafu si ugonjwa mmoja, wala dawa zake si moja. Lakini mkulima huyohuyo akianza kukohoa, humtuma mtoto dukani akanunue vidonge vya rangi mbili. Kwa maoni yangu desturi hii ni mbaya, nasi hatuna budi kuiacha.

Kikohozi ni dalili, si jina la ugonjwa. Nimonia humshika mtu kwa siku chache tu, kwa homa na kuhema upesi, nayo yataka hospitali siku ileile, hasa kwa mtoto. Kifua kikuu huja polepole. Kikohozi hupita majuma mawili, jasho hutoka usiku, mwili hukonda, na pengine damu huonekana katika makohozi. Dawa za nimonia haziponyi kifua kikuu. Humpotezea mgonjwa siku, naye huku anawaambukiza watu wa nyumbani kwake kwa hewa wanayovuta pamoja.

Hapana haja ya kukisia. Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amevigundua vijidudu vya ugonjwa huu, na tangu hapo huweza kutafutwa katika makohozi kwa darubini. Siku hizi iko pia mashine ya GeneXpert, ambayo hutoa jibu kwa muda wa saa mbili hivi, na huonyesha kama vijidudu hivyo vimekwisha kuizoea dawa ya rifampisini.

Zamani matibabu yalichukua mwaka mmoja na nusu. Majaribio yaliyofanywa hapa Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1970 yalisaidia kuonyesha kwamba miezi sita yatosha. Kwa kawaida mgonjwa humeza dawa nne kwa miezi miwili, kisha mbili kwa miezi minne, nazo hutolewa bure katika hospitali za serikali.

Hatari iko katikati ya safari. Baada ya miezi miwili mtu hupata nguvu, mvua hunyesha, naye huacha dawa na kushika jembe. Kila mwenye ng'ombe ajua mambo ya josho: dawa ikiwa hafifu, kupe wachache hubaki hai, na kizazi chao hakiiogopi tena dawa ile. Vivyo hivyo vijidudu vilivyobaki kifuani huweza kuwa sugu, na kuviua huwa kazi kubwa kuliko mara ya kwanza.

Basi twasema wagonjwa ni wajinga? Sivyo. Wengi huacha dawa kwa sababu ya palizi na mkopo. Kwa hiyo yafaa majirani wapange zamu ya kumlimia mgonjwa, kama tunavyofanya kwa aliyefiwa. Wasimwogope, kwa maana ugonjwa huu hauambukizwi kwa sahani wala kwa kushikana mikono, na dawa zikimfaa, baada ya majuma machache kwa kawaida haambukizi tena.

Ikiwa nyumbani kwako yuko mtu aliyekohoa majuma mawili, mpeleke akapimwe juma hili, pamoja na watoto wanaolala naye chumba kimoja.