MAONI: Mashini zinaandika kila tetemeko, lakini nani Goma anaweza kusoma maandiko yake?

Wakaaji wa Majengo hawajasahau tarehe 27 Mei 2021. Siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi Constant Ndima aliamuru mitaa 10 ya muji wa Goma ihame, Majengo ikiwa ndani. Watu walichukua njia ya Sake, wengine wakavuka Rwanda, bila kujua kama mulima utalipuka tena.

Siku hizo zote ardhi ilitetemeka, na mashini za kupima ziliandika. Zinaandika mustari kwa mustari: tarehe, saa, kituo, nguvu. Faili hizo mafundi wanaziita logi. Peke yake hazisemi kitu, mpaka ziingizwe katika programu kama R ao Python.

Hapo ndipo kuna mitego. Mashini za matetemeko zinafuata saa ya dunia, UTC, na Goma iko mbele kwa saa mbili. Logi ikiandika 16:15, kwetu ni saa kumi na mbili na robo ya jioni. Tarehe 05/06 ni Juni 5 kwa sisi tuliosoma Kifaransa, lakini Mei 6 kwa Mmarekani. Ukiandika 2,4 kwa koma, programu inayongojea nukta itachukua namba hiyo kama neno tu. Kosa dogo la kuingiza, hesabu yote inapotea, na hakuna alama nyekundu itakayokuonya.

Mbele ya mlipuko wa 2021, OVG ilikaa miezi bila intaneti kwa kukosa feza. Watu wengi walilia juu ya vyombo. Ni haki. Lakini chombo bila mutu wa kusoma ni radio bila masikio.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili: OVG itoe logi za zamani, za 2002 na 2021, na vyuo vikuu vya Goma vizitumie kufundisha vijana wa informatika.

Wengine watasema hiyo itazaa uvumi. Hapana. Logi za zamani hazitishi mutu, na kutabiri mlipuko kutabaki kazi ya wataalamu. Uvumi unazaliwa pale ambapo hakuna jirani anayeweza kuhakikisha. Majengo ikiwa na vijana kumi wenye kujua kusoma faili hizo, usiku wa matetemeko tutakuwa na mutu wa kuuliza.