Bonde la Ngurdoto Lisishukwe

Hifadhi ya Taifa ya Arusha, iliyolala ubavuni mwa Mlima Meru, mwendo usiozidi saa moja kwa gari kutoka mjini, ni ndogo ikipimwa na Serengeti au Ruaha, walakini imejaaliwa neema ambazo hifadhi nyingi kubwa zimenyimwa: mlima wa mita 4,566 unaopandwa kwa miguu, maziwa ya Momella yenye heroe, msitu wa mbega, na barabara ambazo twiga huzivuka bila ya haraka, maadam simba hawapo. Miongoni mwa neema hizo limo bonde la Ngurdoto, kasoko ya volkano iliyozimika zamani, yenye upana upatao kilometa tatu. Na ingawa hifadhi yenyewe ilipoanzishwa mwaka 1960 ilipewa jina la bonde hilo, mgeni hulitazama kutoka ukingoni tu, wala haruhusiwi kushuka.

Je, katazo hilo lina insafu? Wapo wasemao, na hoja yao si ya kupuuzwa, kwamba nchi yenye haja ya fedha za kigeni haiwezi kumwonyesha mnunuzi bidhaa kisha ikamzuia kuishika; kwamba Ngorongoro, ambako magari hushuka tangu alfajiri hadi chini kabisa, imepata sifa duniani kwa kushukwa huko; na kwamba barabara moja, ikichongwa kwa uangalifu, haimdhuru mnyama. Rai yangu ni kwamba katazo lidumu, nami sisemi hivyo kwa kudharau fedha, bali kwa kulitazama bonde lenyewe jinsi lilivyoumbwa.

Asimamaye kwenye kituo cha Mikindu asubuhi, ukungu unapoanza kupasuka, huona chini yake majani mabichi na kinamasi, vimezungukwa na kuta za msitu pande zote. Na akitulia na darubini yake, madoa meusi aliyoyadhania visiki huanza kuondoka moja moja, akatambua kuwa ni kundi la nyati waliokuwa wamelala matopeni. Kinamasi hicho ndicho riziki yao. Gari haliendi juu ya tope: ili lipite, sharti tuta liinuliwe, mifereji ichimbwe na maji yaelekezwe kando, na maji yakiisha kuelekezwa kando majani hubadilika, na majani yakibadilika nyati hana tena la kumweka pale. Sakafu ya Ngorongoro ni kilometa za mraba zipatazo 260, na hata huko, aliyeona msururu wa magari yamemzingira simba mmoja ajua kuwa ustahimilivu wa ardhi una mwisho. Ngurdoto yote haifiki kilometa kumi za mraba, na mnyama akisumbuliwa hana pa kukimbilia.

Wala atakaye kuwakaribia wanyama hakunyimwa. Njia ya kupanda Meru huanzia lango la Momella kwa miguu, askari mwenye bunduki akitangulia, na kabla ya kufika kibanda cha Miriakamba aghalabu msafiri hukutana na nyati pasipo kioo wala bati baina yao. Askari huinua mkono, wote husimama kimya, husubiri mnyama amalize kuwatazama na kujiondokea, ndipo waendelee. Staha hiyo haifunzwi garini.

Iko hoja nyingine, nzito kuliko ya fedha. Mwaka 1951 Wameru waliondoshwa kwa nguvu Ngare Nanyuki, kando ya hifadhi ya leo, nyumba zao zikatiwa moto, ili ardhi wapewe walowezi wa Kizungu. Na mwaka uliofuata msemaji wao, Kirilo Japhet, alisafiri hadi Umoja wa Mataifa, New York, kuyashitaki madhila hayo. Mjukuu wa watu wale, ambaye hata leo nyati na tembo humharibia shamba, akiambiwa kuwa pana mahali asipokanyaga, ana haki ya kuuliza amekatazwa kwa manufaa ya nani. Jawabu ni kwamba hakukatazwa peke yake: waziri, tajiri wa ng'ambo na yeye, wote ukingo wao ni mmoja. Siku barabara itakapochongwa, watakaoshuka ni wenye kulipa ada na kukodi gari, ilhali yeye atabaki juu akiwatazama, na katazo lililokuwa la wote litakuwa la maskini tu.

Lakini usawa huo haujatimia maadam mjukuu huyo hata ukingo wenyewe haufikii. Barabara ya umma itokayo Usa River kwenda Ngare Nanyuki hukatiza hifadhi, na watoto wa shule huwaona pundamilia dirishani mwa basi wakiwa safarini; walakini njia ya kupanda Ngurdoto huliacha basi hilo, na ada ya Mtanzania, ijapokuwa ni nafuu mno kuliko ya mgeni, haimletei gari. Hapo ndipo hifadhi ingeelekeza fedha na fikira zake: basi moja la shule za Ngare Nanyuki, Leguruki na Usa River, Jumamosi moja ya kila mwezi, na askari mmoja mwenye darubini za kutosha kuwapokea Mikindu asubuhi, kabla jua halijawafukuza nyati kurudi msituni.